Madigadi kwa mauntenbaiki ya stima: mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga bila kusugua taya (tairi)

Mvua ikianza tu hii stori inarudi. Mtu amenunua madigadi soko la Kibuye, Kisumu, ama Nakuru mjini, ameifunga jioni kwa nyumba, imekaa poa kabisa, kesho yake akiteremka kilima cha Riat anaskia krrr krrr kwa gurudumu la mbele. Mwingine anafika Ahero kwa ule udongo mweusi na gurudumu linakataa kuzunguka. Anaing'oa, anairusha nyuma ya mlango, anarudi kuendesha na mgongo umejaa matope na mota imefunikwa kama imepakwa simiti.

Mara nyingi madigadi haina makosa. Makosa ni kwamba ilipimwa baiki ikiwa imesimama bila mtu, shoksi zimenyooka zote. Ukipanda na ukiruka shimo moja, gurudumu linaeza kupanda juu sentimita kumi ama zaidi, na hiyo nafasi uliyokuwa unaiona haipo tena. Kwa hivyo huu mwongozo wote unazunguka nafasi: nafasi shoksi zikizama, na nafasi ya udongo wa kwenu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vipange chini kabisa kabla hujagusa bolti:

- Tepu ya kupimia, ama rula yenye milimita
- Alenki za 4 na 5, na spana ya 8 na 10
- Bisibisi na koleo ndogo ya kukata
- Kebo tai nene, zile za upana wa kama milimita 5 na urefu wa sentimita 20 mpaka 30, nunua pakiti usinunue nne
- Bolti za M5 (unene wa milimita 5) za urefu tofauti, washa, na nati zenye nailoni ndani
- Vipande vya tyubu mzee ya baiskeli
- Tepu ya stima
- Msumeno wa chuma, tupa na msasa kama madigadi yako ina stei (vile vyuma vyembamba vya kuishikilia) za kukata
- Kalamu ya kuchora, katoni, na ndoo ya maji ya kujaribia mwishoni
- Mtu wa pili. Huyu usimruke. Mauntenbaiki ya stima inafika kilo 20 mpaka 25, na kuna vipimo viwili hapa huwezi pima pekee yako

Kama unataka kujitengenezea, ongeza mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa njano wa mafuta ya kupika, na msumari.

## Hatua ya 1: Zima, toa betri

Zima skrini, toa betri, iweke ndani ya nyumba mahali pakavu. Hata kama unaenda kugusa bolti mbili tu. Ukizungusha gurudumu kwa mkono na stima iko, kidole kikagusa throto ama pedali ikasukumwa kidogo, mota inashika, na mkono wako uko katikati ya spoki na chuma.

Usipindue baiki kichwa chini kama ile ya kawaida. Skrini na throto ziko kwa usukani, uzito wote utalala hapo. Ifunge kamba chini ya kiti kwa kazi ya nyuma, ama kwa shingo ya fremu chini ya usukani kwa kazi ya mbele, uining'inize kwa boriti ama tawi la mti, gurudumu linalofanyiwa kazi likiwa hewani kidogo tu.

Osha taya, foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) na fremu, kausha. Kebo tai ikifungwa juu ya mchanga, mtikisiko unaigeuza kuwa msasa na kwa mwezi mmoja rangi imeisha.

## Hatua ya 2: Jua unataka kulinda nini

Hapa ndio watu wengi wanapotea hata kabla hawajalipa.

Taya ya mbele inarusha matope mara mbili. Ya kwanza inatoka chini, punde tu taya ikiachana na ardhi, inaenda nyuma kwa viatu vyako, kwa mota kama iko katikati kwa pedali, na kwa upande wa chini wa betri. Ya pili inapanda na taya mpaka juu, inarushwa mbele, alafu ju wewe unaenda mbele unaikuta na uso.

Ile madigadi ndogo ya kufungwa kwa foku kwa kebo tai inazuia ya pili. Inalinda macho yako, na yale mapaipu yanayong'aa ya shoksi. Mota haiilindi. Nimeulizwa mara nyingi sana “mbona nimefunga na mota bado chafu”, na jibu ni hilo tu: mota inalindwa na kitu kinachoshuka chini nyuma ya gurudumu la mbele. Hivi ni vitu viwili tofauti, na baiki inaeza kuhitaji vyote.

Ya nyuma ni rahisi kuelewa. Ile mstari wa matope mgongoni inatoka juu ya taya ya nyuma. Simama juu ya baiki uangalie chini: ncha ya nyuma ya madigadi lazima ifike angalau pale taya inaishia kwa nyuma. Ikiwa fupi hata kwa kiganja kimoja, mstari unarudi.

## Hatua ya 3: Pima taya

Soma ubavu wa taya. Utaona kitu kama 29 x 2.4 ama 27.5 x 2.6, nyingi za bei ya chini ni 26 x 2.1. Namba ya kwanza ni kimo, ya pili ni upana, zote inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo 2.1 ni kama milimita 53, 2.4 ni 61, na 2.6 ni 66.

Alafu weka rula upime taya yenyewe kwa sehemu iliyonona, ju rimu pana inaipanua na rimu nyembamba inaibana. Hicho kipimo cha rula ndicho cha ukweli.

Madigadi iwe pana kuliko taya kwa milimita 8 mpaka 10 hivi. Taya ya milimita 61 inataka madigadi ya 70. Ukienda sawa na taya, maji yanatoka kwa kando yanakupata magoti.

Na tafadhali usichukue madigadi ya chuma ya Black Mamba ati ni imara. Ni imara kweli, lakini ilipindwa kufuata gurudumu la inchi 28 lenye taya nyembamba na foku isiyo na shoksi. Kwa mauntenbaiki inagusa kando zote mbili, na ukiibonyeza ili itoshee inapasuka kwa riveti.

## Hatua ya 4: Pima nafasi shoksi zikiwa zimezama

Soma hii polepole hata kama utaruka zingine zote.

Kwanza majina mawili tuelewane. Daraja la foku ni ule upinde unaounganisha miguu miwili ya chini ya foku juu ya taya. Huu unapanda na kushuka pamoja na gurudumu. Bega la foku ni pale juu, chini ya usukani, mapaipu mawili yanaposhikana. Hili halisongi, gurudumu ndilo linalolifuata.

Kitu kilichofungwa kwa daraja kinabaki umbali ule ule na taya, shoksi zizame ama zisizame. Kitu kilichofungwa kwa bega ama kwa fremu kinafuatwa na taya kila ukigonga shimo. Hii tofauti ndio inaamua kila kitu.

Sasa pima:

1. Tafuta mwendo wa shoksi. Saa ingine umeandikwa kwa mguu wa foku, saa ingine kwa karatasi ya baiki: 100, 120, 140, hivyo. Ni milimita.
2. Baiki ikiwa haina mtu, pima kutoka juu ya taya mpaka chini ya bega la foku.
3. Toa mwendo wa shoksi.
4. Kinachobaki ndio nafasi yako yote. Hapo ndani lazima iingie plastiki, kichwa cha bolti, na matope.

Mfano. Umepata milimita 118, shoksi ni 100. Inabaki 18. Plastiki ni 3, kichwa cha bolti ni 5, umebaki na 10. Hiyo inakaa kwa barabara ya marram kavu, kwa udongo wa kunata ni kidogo. Kama ungepata 108, umebaki na 8 kabla hata hujaweka plastiki, usiweke kitu chochote chini ya bega, hamia kwa daraja.

Kama shoksi zako ni za hewa na uko na pampu yake, kuna njia ya uhakika zaidi: andika presha iliyoko, toa hewa yote, mtu wa pili alalie usukani mpaka foku izame kabisa, uangalie kwa macho. Huna pampu ya shoksi? Usitoe hewa, ile pampu ya kawaida ya taya haitairudisha sawa. Tumia hesabu.

Kwa nyuma, kama baiki haina shoksi ya nyuma, pumua, gurudumu halisongi. Kama iko nayo, hesabu ni ile ile. Gurudumu la nyuma likiwa na mwendo wa milimita 140, na madigadi umeifunga kwa nguzo ya kiti, basi kutoka taya mpaka madigadi unataka kama 155 baiki ikiwa tupu. Kukalia tu haitoshi kupima, ju uzito wa mtu unazamisha karibu robo mpaka theluthi ya mwendo, si wote. Na kama nguzo ya kiti ni ile inayoshuka kwa kubonyeza, pima kiti kikiwa chini kabisa.

Dalili kwamba umepima vizuri: una namba tatu zimeandikwa, upana wa taya, nafasi ya mbele baada ya kutoa mwendo, nafasi ya nyuma. Bila hizo namba usiende dukani.

## Hatua ya 5: Chagua kulingana na udongo wa kwenu

Udongo wa Kano, pande za Ahero na Nyando, ni ule mweusi unaovimba ukiloa. Unashika taya, unazunguka nayo, unajibana kwa madigadi, tabaka juu ya tabaka. Madigadi ndefu iliyokaa karibu na taya huko ni breki. Na baiki ya stima inakudanganya, ju mota inasukuma tu, hujui gurudumu linabanwa mpaka unaona betri imeisha nusu ya njia. Kwa huko nafasi iwe milimita 25 ama zaidi, na mimi mwenyewe msimu wa Machi mpaka Mei natoa ile ndefu ya nyuma, nabaki na fupi ya juu iliyo mbali na taya pamoja na flapu (kipande cha mpira kinachoning'inia, kiko Hatua ya 8) ya kulinda mota. Mgongo unaloa kidogo, lakini unafika.

Udongo mwekundu wa Maragoli na Kakamega unateleza na unapaka, lakini haujibani kama ule wa Kano. Milimita 15 inatosha. Shida ya huko ni mvua ya mchana karibu mwaka mzima, kwa hivyo chukua madigadi ya kukaa, yenye bolti. Kebo tai za msimu hazitakufikisha. Pia njia za Maragoli zina mawe makubwa, flapu isishuke sana.

Nakuru, upande wa Menengai na Njoro, udongo ni mwepesi, umetokana na majivu ya volkano, maji yanapita. Matope hayashiki sana, kinachoumiza ni mchanga mkali unaosaga kila kitu. Milimita 12 mpaka 15 ni sawa, na hakikisha daraja la foku limefunikwa vizuri ndio mchanga usiingie kwa sili za shoksi (ile mipira ya kuzuia uchafu).

Lami ya mjini? Yoyote isiyogusa taya.

## Hatua ya 6: Funga ya mbele

### Ile ndogo ya daraja

Hii naipendekeza kwa yeyote mwenye shoksi zaidi ya milimita 100.

Zungushia tepu ya stima ama kipande cha tyubu pale kebo tai zitapita. Weka madigadi chini ya daraja, juu ya taya, mbawa zikilala kwa miguu ya chini ya foku. Pitisha kebo tai mbili kwa daraja na moja kwa kila mguu, zishike zote kwanza bila kukaza, sawazisha katikati ukiangalia kutoka mbele, alafu kaza kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya zingine, inavuta upande na haitarudi.

Kebo tai isiguse kabisa yale mapaipu yanayong'aa. Ikigusa itachora mstari, mafuta yatavuja, na foku si kitu cha kununua kila mwaka.

Kwa mguu wenye bomba la breki, kebo tai ipite chini ya bomba, ishike mguu peke yake. Ukilifunga bomba pamoja na mguu unaweza kulikunja, ama libaki limevutwa shoksi zikisonga.

Kata ncha za kebo tai karibu kabisa na kichwa. Zikibaki ndefu zinakata mikono kama wembe wakati wa kuosha.

### Ndefu yenye stei

Hii inafaa baiki ya mjini yenye shoksi fupi, na foku yenye matundu ya bolti karibu na ekseli. Plastiki lazima ishikwe kwa daraja, na stei zishikwe kwa miguu ya chini, vyote visonge pamoja na gurudumu. Ukishika juu kwa bega na chini kwa miguu, shoksi ikizama plastiki inakunjwa katikati na kuingia kwa taya.

Na hapa kuna hatari ya kweli. Kijiti ama jiwe likiingia kati ya taya na madigadi ya mbele, taya inalivuta juu, linasukuma madigadi, stei zinajikunja, gurudumu linafunga papo hapo. Unaruka juu ya usukani. Kwa hivyo stei za mbele ziwe na zile klipu za plastiki zinazoachia zikivutwa kwa nguvu. Kama hazina, usiende nayo porini, baki nayo lami.

### Ya kulinda mota

Ni ubao wa plastiki unaofungwa kwa paipu ya chini ya fremu kwa mpira. Kwa baiki ya stima hiyo paipu ni nene ju betri imo ndani ama juu yake, kwa hivyo mpira unaokuja na madigadi ya kawaida mara nyingi haufiki. Ongezea kwa mpira wa tyubu uliokatwa.

Usifunike tundu la kuchajia wala kufuli ya betri. Na usitoboe paipu. Usitoboe hata kidogo, hata fundi akikuambia ameshafanya nyingi. Ndani kuna waya na betri, na tundu moja kwa fremu ya alumini ndio mwanzo wa ufa.

### Ukijitengenezea kwa mtungi

Plastiki ya mtungi ni nzuri sana kwa hii kazi, inapinda bila kuvunjika. Osha mafuta yote na sabuni na maji moto, la sivyo vumbi litashika milele.

Chora kwanza kwa katoni. Kwa ile ya daraja, urefu wa sentimita 35 mpaka 40, upana kama 22 katikati, ikipungua kuelekea nyuma. Ijaribu katoni kwa foku, punguza, jaribu tena, mpaka ikae. Alafu hamishia kwa ubavu ulio bapa wa mtungi na ukate.

Matundu toboa kwa msumari wa moto, ukiwa nje penye hewa. Msumari wa moto unaacha tundu la mviringo laini, kisu kinaacha kona, na kona ndio inapasuka. Matundu yawe ndani ya ukingo kwa sentimita moja na nusu. Piga msasa kingo zote. Kupinda, mwagia maji moto, ifunge kwa chupa ya soda ya lita mbili kwa kamba, iache ipoe.

## Hatua ya 7: Funga ya nyuma

Kwa baiki isiyo na shoksi ya nyuma, angalia kama kuna matundu ya M5 karibu na ekseli na juu kwa zile paipu mbili zinazopanda kwa kiti. Yakiwepo, hiyo ndiyo njia bora. Shika ya juu kwanza, alafu zungusha gurudumu ukisogeza stei mpaka nafasi iwe sawa mduara mzima, weka alama, toa, kata stei kwa msumeno, lainisha kwa tupa, rudisha.

Upande wa gia angalia urefu wa bolti. Ikitokeza ndani hata milimita chache inagusa cheni ukiwa kwa gia ndogo kabisa, na hautaiona mpaka cheni iruke. Upande wa diski stei inaeza kugonga kipande cha breki. Usiipinde kwa nguvu, weka washa mbili tatu iende nje kidogo.

Mota ya gurudumu la nyuma: kama mota yako iko ndani ya habu (pale katikati ya gurudumu), usifungue nati kubwa ya ekseli ili uingize stei chini yake. Ile washa yenye jino iliyoko hapo ndiyo inazuia ekseli isijizungushe. Ukiihamisha ama ukaibananisha na stei, mota ikivuta kwa kilima ekseli inazunguka kwa fremu, inakata waya, na mahali pa ekseli panaharibika kabisa. Kama fremu haina matundu, tumia vibano vyenye mpira vya kuzunguka paipu, fundi wa mabomba na wa stima wote wanazo.

Kwa baiki yenye shoksi ya nyuma, tafuta ile inayofungwa kwa mkono wa nyuma, yaani ile sehemu inayosonga na gurudumu. Ni kama ya daraja, haijali shoksi. Ile ya nguzo ya kiti ni sawa tu kama namba zako za Hatua ya 4 zimekubali. Na kama nguzo ni ya kushuka, bano lisishike paipu ya ndani inayong'aa.

Uko na keria? Usitegemee ule ubao wake pekee, maji yanapita kando. Funga kipande cha mtungi chini ya keria kwa kebo tai nne, kiende nyuma mpaka kipite taya.

Bolti za M5 zikaze kwa alenki fupi ya mkono, zishike imara basi. Usiongeze paipu kwa alenki. Uzi kwa alumini ukichunika, kurudisha ni kazi.

## Hatua ya 8: Flapu

Kipande cha mpira mwishoni mwa madigadi ndefu ya mbele kinabadilisha maisha ya mota kuliko kitu kingine chochote kwa huu mwongozo. Kata kwa mpira laini, tyubu ya lori inafaa, upana wa sentimita 10 hivi, bolti mbili fupi na washa pana.

Mjini ishuke mpaka sentimita 8 juu ya ardhi. Kwa mawe na mashimo, 15 mpaka 20. Ikiwa ndefu zaidi, ukirudisha baiki nyuma inakanyagwa na taya na kung'oa madigadi yote.

## Hatua ya 9: Waya, breki na sensa

Kabla hujarudisha betri, fuata kila waya kwa kidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Kuna waya ama bomba linalovutika? Fungua usogeze. Waya wa mota ya habu unatoka kwa ekseli, hakikisha unashuka kidogo kabla ya kupanda kwa fremu, ndio maji yadondoke pale chini yasifuate waya mpaka ndani ya soketi.

Baiki nyingi zina sumaku ndogo kwa spoki ama kwa diski, na sensa yake ya kusoma mwendo kwa fremu. Ukiisukuma hata kidogo wakati wa kufunga, skrini inaonyesha kosa na mota inaacha kusaidia. Watu wamepeleka baiki kwa fundi wakidhani mota imeungua kumbe ni sensa imegeuka upande.

## Hatua ya 10: Jaribu kabla hujaenda mbali

1. Zungusha. Gurudumu hewani, lisukume kwa mkono. Nyamaza uskize. Sauti ndogo ya kusugua leo kwa udongo mkavu ni gurudumu lililofunga kesho.
2. Kidole. Pitisha kidole kati ya taya na madigadi mduara wote, gurudumu likiwa limesimama. Kipite bila kubanwa popote. Kwa Kano vipite viwili.
3. Zamisha. Mtu wa pili alalie usukani kwa nguvu mara kumi, na akalie kiti akiruka-ruka, wewe umechuchumaa unaangalia kando.
4. Ukingo. Rudisha betri, shuka ukingo wa barabara mara tano kwa mwendo wa pole. Ukiskia “tap” hata moja, rudi Hatua ya 4.
5. Maji. Mwaga ndoo kwa marram ama tafuta dimbwi, pita ukiwa umevaa shati nyeupe ya zamani.

Mafanikio yanaonekana hivi: uso mkavu, shati haina mstari mgongoni, ubavu wa mota una matone tu, na viatu vimeloa kwa ncha. Kama viatu ni safi lakini mgongo una mstari, rudisha madigadi ya nyuma iende nyuma zaidi. Kama mgongo ni safi na mota imejaa, ongeza flapu.

## Kilomita 30 za kwanza

Baada ya kilomita kama 30 kaza bolti zote tena. Marram inalegeza kila kitu mara ya kwanza, hata zile nati za nailoni zinataka kuangaliwa. Kebo tai zikianza kuwa nyeupe, jua limezikausha, badilisha kabla hazijakatika njiani.

Kuosha ni ndoo na brashi. Usipeleke baiki kwa kaa woshi ipigwe ile presha, inasukuma maji kupita sili za mota na za shoksi, na madigadi haikulindi na hiyo. Toa matope ndani ya madigadi siku hiyo hiyo yakiwa bado laini, hasa ule udongo mweusi. Ukilala umekauka utahitaji bisibisi.

Na ukiwa unaenda pande za Kano wakati wa mvua, beba kijiti bapa cha urefu wa kiganja kwa begi. Ukiona baiki imekuwa nzito ghafla na mota inalia, simama, zima stima, choma matope yatoke kuanzia kwa daraja la foku, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka liende lenyewe, ndio uwashe tena.